Nguchiro na Kisima cha Laki Mbili

Hapo zamani za kale, na sikilizeni vizuri maana habari hii naijua kuliko hata Tembo mwenyewe, jua liliwaka mpaka mto ukakauka. Samaki wakawa wanatembea na viatu!

Maji yalikuwepo chini ya mchanga. Wenye nguvu za kuchimba walikuwa wawili tu, Tembo na Kiboko. Lakini wapi! Kutwa wameinamia simu. Tembo anaperuzi kwa mkonga. Kiboko ngozi imempasukapasuka, anacheka peke yake, "Kwa! Kwa! Kwa!"

Nguchiro, kamama kadogo, akaja mbio.

"Mzee Tembo, chimba basi! Wanangu wanakufa kwa kiu!"

"Ngoja nimalize hii moja."

"Hiyo moja umeianza juzi!"

Nguchiro akaona kuomba hakusaidii.

"Haya. Kiboko anasema wewe huwezi kukaa bila simu mpaka jua lizame."

"Nani, mimi?" Tembo akafura. "Na yeye anayelala nayo mdomoni?"

"Mdomo wangu unakuhusu nini?" Kiboko akang'aka.

"Msigombane, shemeji zangu. Wekeni laki laki kwangu. Atakayegusa simu kabla jua halijazama, laki yake naila mimi."

Tembo akachomoa laki nyuma ya sikio. Kiboko akatema yake chini ya ulimi. Simu zikawekwa juu ya jiwe.

Hapo hapo, ngriii! Ngriii!

"Yako hiyo, pokea," Tembo akasema.

"Pokea wewe! Laki yangu siichezei."

Miguu ikaanza kuwawasha. Wanahema kama wagonjwa.

"Chimbeni mjisahaulishe," Nguchiro akawaambia.

Wakachimba! Pwaa! Pwaa! Mchanga uliruka mpaka ukamwingia Twiga puani. Mara, bubujiii! Maji hayo! Watoto wa Nguchiro wakajitumbukiza, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama yao akatoa kasimu kake ka kitochi, tiki, tiki, tiki, akakarudisha kwapani.

"Wewe Nguchiro," Kiboko akasema, "kazi imekwisha. Lete pesa zetu."

"Mbona nimeshatuma? Angalieni kwenye simu."

Lahaula! Waliruka wote wawili, gubu! Vichwa vikagongana. Tembo kaidaka yake kwa mkonga, Kiboko kwa meno.

"Shilingi mia?" Tembo akanguruma. "Laki yangu iko wapi?"

"Hiyo mia ni asante ya maji, mzee wangu. Mambo ya laki, hebu angalieni juu."

Wakaangalia juu. Jua hilo hapo, limewakodolea macho.

"Mama yangu, tumeliwa!" Kiboko akalia, akajitupa kisimani na simu yake.

Basi watoto, ukiiacha simu kwa ajili ya pesa tu, pesa hiyo hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye simu.