Atupele na Kikombe cha Tatu

"Kikombe cha kwanza ni cha mdomo, cha tatu ni cha moyo."

Bibi Sekela aliyasema hayo akimtazama mjukuu wake Lugano, ambaye alikuwa amekwisha kushika mlango hata kabla shikamoo yake haijapoa. Lugano akacheka, akarudi kuketi kando ya dada yake Ambakisye.

"Bibi, methali hiyo shuleni hatujaisikia," Ambakisye akasema. "Imetoka wapi?"

"Haikutoka shuleni, ilitoka safarini." Bibi akaendelea kuambua maharage yake bila haraka. "Kaeni vizuri. Ilizaliwa hivi."

Hapa hapa Tukuyu alikuwapo mama mmoja aitwaye Atupele. Alikuwa na binti mmoja tu, Lusubilo, na binti huyo alipozaliwa hakulia. Alitoka kimya, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Aliyempulizia pumzi, akamsugua mgongo na kumfunga kifuani pake mwenyewe kutwa nzima alikuwa nesi wa Kihabeshi, jina lake Tsehai, aliyefanya kazi kwenye hospitali ya misheni. Kabla mtoto hajapata hata nguvu ya kunyonya, Tsehai akaitwa kwao ghafla, baba yake amefariki. Akaondoka na hakurudi tena.

Mtoto alipona. Akakua, akasoma, akachumbiwa. Na mahari ilipokwisha kupokelewa, mama mzazi wa Atupele akasema neno.

"Mikono iliyompokea mtoto huyu haijaambiwa. Msichana haozwi kimya kimya kama kuku wa kuibwa. Nenda Uhabeshi, ukamwambie nesi kwa mdomo wako, atubariki."

"Mama, Uhabeshi si Kyela hapo jirani!"

"Kwani nimesema ni Kyela?"

Basi Atupele akafunga safari. Alibadilisha mabasi mpaka akachoka kuyahesabu, akavuka Kenya yote, akafika Jimma, mji wa milima na kahawa. Alikuwa na mambo mawili tu ya kumwongoza, jina la Tsehai na jina la mji huo, ambao nesi alizoea kuutaja alipokuwa akiwaogesha watoto. Kumbe kina Tsehai Jimma ni wengi kama kina Maria kwetu.

Alipanga chumba kwenye ua mmoja walimokaa wanafunzi wa chuo. Kila alasiri msichana aitwaye Hirut, aliyesomea ukunga, alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa, akaizungusha sufuria ndogo ya kukaangia ili kila mtu avute moshi wake. Jirani yake Gemechu, kijana mrefu mwenye maneno mengi, alileta bisi. Nao walimwita, "Mama, njoo! Kahawa!"

Waliongea Kiingereza. Cha Atupele kilikuwa cha masomo ya jioni, kinachechemea, lakini kinafika. Vijana wakamuuliza habari za kwao, akawaambia jinsi wanavyopika ndizi mbichi kwa nyama na maharage.

"Ndizi? Mnapika?" Gemechu akashika kichwa. "Mama, hilo tunda limewakosea nini?"

Atupele alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Aliwapenda wale watoto. Lakini kikombe chake kilipokwisha, alikiweka chini, akashukuru kwa mikono miwili, akainuka. Ndivyo alivyolelewa, kwamba mgeni mwema huondoka wenyeji wangali wanamtamani. Tena alikuwa na kazi ya kumtafuta Tsehai. Alikwenda hospitalini, akaambiwa nesi wa jina hilo aliyewahi kukaa Tanzania hawamjui. Kanisani, sokoni, kwenye maduka ya dawa, kote ni kutikisa vichwa.

Hao wanafunzi je, mbona hakuwaeleza? Wazo lilimjia, akalifukuza. Kwetu mgeni haanzi kutaja haja yake. Hukaa akasubiri mwenyeji amuulize, "Haya mwenzetu, umekuja na lipi?" Na wale walimuuliza mambo yote ya dunia, hata bei ya sabuni ya Tanzania, ila hilo moja hawakuliuliza. Akajiambia kwamba labda haliwahusu. Tena mtu mzima atawatwisha watoto mzigo wake vipi?

Hivyo kila siku alikunywa kikombe kimoja, akaondoka. Na kila siku Hirut alimtazama akienda, birika la udongo lingali mkononi.

Ikafika siku ya mwisho. Basi la kurudi lilikuwa la alfajiri inayofuata, wala asingeweza kuliacha limpite, kwa maana harusi ilikuwa karibu, na mama wa bibi harusi akikosekana, wakwe watapokewa na nani? Alasiri ile Atupele alirudi uani miguu imevimba. Hakuwa amebakiwa na mlango wa kugonga. Atamwambia nini mama yake? Alijitupa kwenye kigoda karibu na jiko la Hirut, akapewa kikombe, akanywa. Safari hii hakuinuka, maana hakuwa na pa kwenda.

Hirut akamtazama Gemechu. Kisha, polepole kama mtu asiyetaka kumshtua ndege, akaongeza maji kwenye birika. Kikombe cha pili kikaja, wakaulizana habari za wazazi, nani yu hai, nani anaumwa. Kikaja cha tatu. Hirut akaketi chini, magoti yake yakagusana na ya Atupele.

"Mama," akasema, "umekuja kwetu kutafuta nini?"

Atupele akamkodolea macho. "Siku zote hizi hukuniuliza!"

"Siku zote hizi hukukaa nikuulize!"

"Mwanangu, si nilikuwa hapa hapa?"

"Kikombe kimoja, Mama! Cha kwanza ni cha kutaniana tu. Cha pili ni cha habari za nyumbani. Kikombe cha tatu tunakiita baraka, na hapo ndipo mgeni huulizwa ana nini moyoni. Kumuuliza kabla ni kama kumpekua mifuko."

"Sisi tulidhani unakimbia kahawa ya Hirut," Gemechu akadakia. "Nilimwambia mimi, anaiunguza."

"Wewe nyamaza!"

Atupele alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Akawaeleza yote, mtoto aliyekataa kulia, nesi, maneno ya mama yake, basi la alfajiri. Kabla hajamaliza, Hirut alikuwa amemshika mkono.

"Mtoto asiyelia? Kuna mama mzee huja chuoni kutufundisha kumpokea mtoto wa namna hiyo. Anasema alifanya kazi zamani katika nchi ya mvua na migomba. Hospitali ya hapa hakuifanyia kazi kamwe, ndiyo maana hawamjui. Anaitwa Tsehai. Anakaa nje kidogo ya mji."

Gemechu alikwisha kuruka nje kutafuta bajaji.

Walimkuta kizee mwembamba aliyejitanda shuka jeupe, akichambua kahawa kwenye ungo. Atupele akamtambua kwa namna alivyoinamisha shingo. Hirut akasema kwa lugha yao kwamba huyu ni mgeni kutoka Tanzania, kutoka Tukuyu.

Yule mzee alimtazama Atupele kwa muda. "Ndaga," akasema taratibu, yaani lile neno letu la Kinyakyusa la kusalimu na kushukuru. Kisha akageuka kwa haraka, akaanza kupuliza makaa.

Maneno yalikuwa yamemjaa Atupele kooni, yanasukumana kama watu mlangoni. Alifungua kinywa. Ndipo akaona Tsehai anamwaga kahawa kando ya sufuria, wala hainui macho. Akaelewa kwamba amekwisha kutambuliwa, na kwamba mwenzake ana jambo analoliogopa. Akafunga kinywa, akapokea kikombe.

Katika kikombe cha kwanza waliongea mvua. "Bado inanyesha kule?"

"Inanyesha mpaka kuni zinaota uyoga."

Tsehai akacheka, Kiswahili chake kikaanza kurudi vipande vipande. Katika kikombe cha pili akauliza wakunga wenzake, na mpishi wa misheni aliyekuwa akificha sukari. Nje jua lilikuwa linateremka, na Atupele akakaa.

Kikombe cha tatu kilipomiminwa, Tsehai hakunywa. Alikiangalia.

"Atupele," akasema, "yule mtoto mlimzika wapi? Miaka yote hii nimetaka kumwombea, sijui nigeukie upande gani."

Atupele aliweka kikombe chake chini.

"Nesi, hatukumzika. Tunamwoza mwezi ujao. Nimekuja kuomba baraka yako."

Tsehai akainua mikono yake miwili, akaitazama kiganja na mgongo, kana kwamba ndiyo kwanza amerudishiwa. Halafu akapiga kigelegele ambacho majirani waliitikia bila hata kujua kisa. Alimkumbatia Atupele, akamwekea ile mikono kichwani, akambariki yeye, na binti, na watakaozaliwa. Gemechu alijifanya ameingiwa na moshi machoni.

Siku wakwe walipokuja Tukuyu, walikunywa chai haraka haraka, wakasimama kuaga, kila mmoja akisema mazuri matupu. Atupele akawarudisha kwenye viti, akaita birika jingine.

"Kaeni, wenzangu. Bado hatujajuana. Kikombe cha kwanza ni cha mdomo, cha tatu ni cha moyo."