Maji ya Ukuta wa Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko nyumba za kupangisha, alikuwako katika mji wa Chambweka Sultani jina lake Badawi, aliyejua kuhukumu wezi na kupokea wageni, lakini hakupata hata siku moja kuwa na mpangaji. Basi shangazi yake alipofariki, akarithi nyumba ya mawe iliyojengwa na babu yake. Ilikuwa na mabomba ya udongo ndani ya kuta, na chini ya sakafu ya chumba cha kuogea palikuwa na tanuri la kuchemshia maji katika sufuria kubwa ya shaba. Sultani akafurahi kupita kiasi, akasema moyoni mwake kwamba kupangisha ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, maana nyumba husimama yenyewe.

Tena palikuwa na uvumi. Wazee walisema babu yake alionekana zaidi ya mara moja akiingia nyumba ile peke yake, na mwiko wa mwashi mkononi na chokaa katika ndoo, akaziba ukuta kwa siri kisha akatoka akitazama huku na huku. Mtawala azibe ukuta mwenyewe, kwa nini, kama si kuficha dhahabu? Sultani alikwenda akazigonga kuta zote kwa kifundo cha kidole, sikio limebanwa kwenye lipu, hata watumishi wakaanza kumwonea huruma. Hakusikia kitu, na kuibomoa nyumba nzima aliona uchungu.

Ikawa alipopata mpangaji, akamsomea masharti kwa sauti ya kutangaza vita. Mpangaji huyo ni Faki, msuka mikeka, fukara, mwenye sura ya mtu asiyefahamu vizuri anachoambiwa. Wengi walimdhani mpumbavu, naye hakujisumbua kuwakanusha.

"Usiguse ukuta wala sakafu," akasoma Sultani. "Kikiharibika kitu, utakitengeneza wewe. Na chochote kitakachotoka ndani ya ukuta au chini ya sakafu ni mali yangu. Utakileta hapa barazani siku hiyo hiyo, usibakize wala usitupe. Ukikiuka, utahama, kisha utafungwa."

"Chochote, Bwana wangu?"

"Chochote."

"Nasikia na kutii," akasema Faki, akaenda kumhamisha mkewe Mize, ambaye mimba yake ilikuwa pevu.

Mwezi haukwisha, Mize akajifungua mtoto wa kike. Siku ya nne baada ya uzazi Faki akaja barazani, macho mekundu, akapiga magoti.

"Mola akuweke, ewe Sultani. Bomba limepasuka ndani ya ukuta na maji yanaingia chumba cha mzazi. Tanuri nalo limepata ufa, moshi watoka sakafuni na maji hayapati moto. Mke wangu yumo katika arobaini yake, na mkunga asema bila maji ya moto ya kukandwa na chumba kikavu, hatamdhamini yeye wala mtoto. Nakuomba ututengenezee."

Sultani akamwonea huruma kidogo, lakini alijua kwamba mwenye nyumba akilegea mara moja tu, amekwisha. Hayo aliyajua kwa sababu aliyabuni mwenyewe asubuhi ile.

"Masharti uliyasikia. Tengeneza."

"Niuvunje ukuta?"

"Ukuta usiguse."

"Basi nitengeneze kilicho ndani ya ukuta pasipo kuugusa ukuta?"

"Naam, hivyo hivyo. Nakupa siku saba. Zikipita na maji yangali yakivuja, utatoka wewe na mkeo na mwanao, nitafute mpangaji mwenye akili."

Faki akainama, akaenda zake.

Kesho yake alirudi amebeba mzega, mti wa begani, mitungi miwili mizito ikining'inia, kila mmoja umefunikwa kitambaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana wangu, kuna kitu kimetoka ukutani. Nimekileta kama ulivyoamuru."

Moyo wa Sultani ukaruka. Akaamuru baraza iondolewe watu na milango ifungwe, akabaki yeye, Faki, na Waziri aliyeshika mizani kwa mikono miwili. Sultani akakifunua kitambaa mwenyewe. Akatazama. Akatia kidole.

"Haya ni maji."

"Ndiyo, Bwana wangu. Yametoka ukutani tangu alfajiri. Niyaweke wapi?"

"Kayamwage."

"Naogopa kifungo, Bwana wangu. Masharti yasema nisitupe."

Sultani akafungua kinywa amwambie kwamba maji hayamo katika masharti, lakini Waziri akamnong'oneza: "Bwana, ukikubali leo kwamba kitu fulani cha ukutani si chako, kesho dhahabu ikitoka atasema nayo si yako." Neno hilo likamwingia Sultani barabara. Akameza mate, akasema maji yapokewe.

Basi ikawa kila asubuhi, mzega huo unapanda ngazi za kasri. Mitungi ya jikoni ikajaa, yakafuata mabeseni, kisha bakuli za kaure alizoletewa na wafalme wenzake. Siku ya tatu Faki alileta na vipande vya lipu vilivyomomonyoka, amevipanga juu ya sinia kwa adabu, vikubwa mbele, vidogo nyuma. Siku ya nne mtumishi mmoja akajikwaa, na zulia la barazani likalowa lote. Sultani akakaa juu yake akihukumu kesi ya mbuzi huku unyevu ukimpanda taratibu, na hakuthubutu kulalamika, kwa maana maji yalikuwa yake mwenyewe.

Siku ya tano Faki akaja mikono mitupu. Sultani akajiona ameshinda.

"Umetengeneza?"

"La, Bwana wangu. Maji Waziri atayapata mlangoni. Lakini kuna mali yako nyingine inayotoka sakafuni, nami nimeshindwa kuikamata. Nimeitega kwa gunia, ikatoka. Nimeitega kwa kapu, ikatoka. Yote inatorokea dirishani, na majirani wanaivuta bure. Ni moshi. Nakuomba, kabla sijafungwa kwa wizi, uje uuchukue mwenyewe."

Waziri akakohoa. Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari. Hapakuwa na njia nyingine, wakaenda.

Mlangoni tu Sultani alianza kutokwa machozi kwa moshi. Akaingia akipapasa, na tone la maji baridi likamwangukia utosini, likapenya kilemba. Macho yalipozoea, akamwona Mize ameketi pembeni mwa kitanda, amejifunga kanga mbili kwa baridi, na karibu yake pana kawa kubwa, lile la kufunikia chakula, limesukwa upya kwa ukili mpana. Chini ya kawa alilala mtoto, na matone yalidunda juu yake na kuteleza pembeni.

"Karibu, Bwana wetu," akasema Mize. "Uniwie radhi, sina kiti kikavu cha kukupa."

Hakusema kwa ukali. Sultani angependelea aseme kwa ukali. Alimtazama mtoto chini ya kile kifuniko cha wali, akaona haya, haya ya kweli, iliyompasha uso moto kuliko tanuri lake lilivyowahi kufanya.

"Faki," akasema, "vunja ukuta."

"Mimi sina ruhusa kuugusa, Bwana wangu."

Sultani akanyoosha mkono, akapewa nyundo, akapiga mwenyewe. Alikuwa hodari wa kugonga kuta, hilo amejifunza. Lipu ikaanguka, jiwe likatoka, na humo ndani likaonekana bomba la udongo limepasuka, na juu ya ufa pamefungwa kitambaa kilichooza, kimepakwa chokaa iliyokwisha ganda. Faki akakifungua taratibu, akakikunjua. Ukingo wake ulikuwa na tarizi ya nyuzi za dhahabu, tarizi ile ile iliyokuwa kwenye kilemba cha Sultani, ambayo katika mji wote ilivaliwa na ukoo wake tu.

Sultani akagusa kilemba chake. Akamwona babu yake kama alivyosimuliwa, na mwiko na ndoo ya chokaa, akiingia nyumba ya wapangaji wake kuziba maji na kutoka akitazama huku na huku, asije akaonekana mtawala amelowa.

Faki akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akainama. "Hiki nacho kimetoka ukutani, Bwana wangu. Ni mali yako."

Sultani akacheka. Alicheka hata akakaa juu ya kifusi, na machozi yake safari hii hayakuwa ya moshi. Kisha akavua kilemba, akakichana kipande, akalifunga bomba kwa mkono wake, fundo baya la mtu asiyezoea, akatuma waashi waitwe kabla ya adhuhuri. Mize na mtoto wakahamishiwa kasrini hata kazi ilipokwisha, na siku zote zilizobaki za arobaini alikandwa kwa maji ya moto.

Masharti yakaandikwa upya: kilicho ndani ya ukuta na chini ya sakafu ni cha mwenye nyumba, faida yake na taabu yake, mpangaji azoe majivu, na mfereji usizibwe kwa nywele. Na kila mwezi ulipoandama, watu wa Chambweka walimwona Sultani Badawi akienda nyumba ile mchana kweupe, ndoo ya chokaa mkononi, akibisha hodi na kuuliza, "Je, maji yanapata moto?"