Debe la Bi Mosi

"Mwamba mkavu si njia kavu." Tulilisikia neno hili kwa jirani yetu Mwanaate, akimwambia mdogo wake aliyekuwa akijisifu kwamba mambo yake yamenyooka na hana la kuogopa. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hatukulielewa. Tukamwendea Bibi Mkasi, aliyekuwa ameketi kizingitini akisuka ukili, tukamuuliza limetoka wapi. Bibi hakucheka. Aliuweka ukili chini, akasema methali hii haikutoka mbali. Ilianzia hapa hapa kwetu, na ilianza hivi.

Zamani, kama sasa, wanawake wa hapa walikwenda kuchokoa pweza siku za bamvua, maji yanapotoka mbali sana. Ukitoka pwani unapita mchanga, kisha majani ya bahari yaliyolala, kisha unateremka kwenye mkondo, ambao saa hiyo maji yake hayapiti kifundo cha mguu. Ukiuvuka mkondo unapanda mwamba. Mwamba uko juu, mkondo uko chini. Kila mtoto wa hapa analijua hilo, na watu wazima ndio hulisahau.

Kwa sababu hiyo palikuwa na desturi. Mwanamke mmoja mzee hakwenda mwambani. Alibaki kando ya mkondo upande wa pwani, na fimbo yake ameichomeka katikati ya maji, imefungwa kitambaa chekundu. Maji yakikigusa kitambaa, alipiga debe. Debe likilia kila mtu anageuka, na hata kama pweza amekwisha kutoka nusu, anaachwa. Na mwenye debe haondoki pale mpaka wa mwisho avuke.

Mwenye debe siku hizo alikuwa Bi Mosi, mjane mwembamba asiyependa maneno mengi, ila ya kugombeza.

Na mchokoaji hodari kuliko wote alikuwa Raya. Pale ambapo wengine waliona jiwe, yeye aliona nyumba ya pweza: maganda ya kaa yametupwa mlangoni, makombe matupu, na kijiwe kimevutwa ndani kuziba. Alikuwa mcheshi, na ulimi wake haukumwacha mtu. Siku hiyo alikuwa amefuatana na wifi yake, Subira, msichana aliyekuwa hajawahi kukanyaga mwamba. Mama mkwe wa Raya alikuwa na binti huyo mmoja tu. Alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Mwisho Raya aliapa kwamba watarudi wameshikana mikono, na mama akawaruhusu. Subira hakujua kuogelea. Raya pia hakujua. Wanawake wengi wa hapa hawakujua, maana bahari yao ilikuwa ya kutembelea kwa miguu.

Walifika mwambani, Raya akapata pweza wengi, akawatunga kwenye kamba na kuwafunga kiunoni. Lakini alitaka mmoja mkubwa ambaye wenzake wangemsimulia. Akamvuta Subira mbali na wengine, mpaka ukingoni kabisa, mahali mawimbi makubwa yanapovunjika. Huko akalikuta pango lenye rundo la maganda mlangoni kama jaa la nyumba ya watu wengi. Akaingiza mchokoo, kijiti chake cha kuchokolea. Ndani kukavutika.

Hapo ndipo debe lilipolia.

Subira akamwambia wifi yake kwamba debe linalia. Raya, akiwa amelala kifudifudi, alisema Bi Mosi anapiga debe kama ana harusi. Debe likaendelea. Kwa mbali wanawake wengine walikuwa wanarudi, kanga zao zimepandishwa magotini, hakuna aliyegeuka nyuma. Subira akasema tena.

"Wifi, twende."

"Itazame miguu yako. Imelowa?"

"Haijalowa."

"Na mawimbi yale, yamesogea?"

Subira akayatazama. Yalikuwa yanavunjika pale pale yalipokuwa tangu asubuhi.

"Hayajasogea."

"Basi. Mwamba mkavu, wifi yangu. Unakimbia nini?"

Subira akakaa. Raya alikuwa akivuta na pweza akivuta, na kwenye giza la pango jicho lake lilikuwa wazi linawatazama. Ilichukua muda mrefu. Alipotoka, mikono yake ilikuwa minene kama kamba za nanga. Raya akampiga kwa jiwe, akacheka, akamwinua pweza juu ili Subira amwone.

Subira hakumwona pweza. Alikuwa anasikiliza. Debe lilikuwa limenyamaza.

Akageuka upande wa pwani. Pale walipopita asubuhi, mchangani na kwenye majani yaliyolala, palikuwa maji tu, ya kijani, yanang'aa, yametulia kama mtu anayekungojea. Na katikati yake kulikuwa na kichwa na fimbo. Bi Mosi alikuwa anakuja, maji yamemfika shingoni.

Alipanda mwamba akitweta, nguo zimemganda.  Raya ndiye aliyesema kwanza.

"Bi, mbona mwamba bado mkavu?"

"Wewe umetoka mwambani," Bi Mosi akasema. "Mimi nimetoka njiani. Haipo tena."

Hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtia Raya hofu kuliko yote, kwa sababu Bi Mosi alikuwa mtu wa kugombeza.

Kule pwani wanawake walikuwa wanapunga kanga na kupiga kelele. Wanaume walikuwa wamekwisha kutoka majumbani. Lakini tazameni, Bibi akatuambia, siku ya bamvua ngalawa zote huwa zimelala ubavu mchangani, mbali na maji. Haziwezi kuelea mpaka maji yazifikie. Maji yale yale yaliyokuwa yanawafuata wale watatu mwambani ndiyo yangezinyanyua ngalawa za kuwaokoa, na hakuna aliyejua ni kipi kingetangulia.

Bi Mosi akawaongoza kwenye jabali moja la matumbawe lililosimama juu kuliko mwamba. Walipolifikia, maji yalikuwa yameanza kupita vidoleni mwao, kidogo tu, kama maji ya kutawadhia. Kisha yakawa magotini.

Na pamoja na maji wakaja wenye mahali pao. Samaki wadogo kwanza, wa njano na wa buluu, wanaingia mapangoni kama wanaorudi nyumbani. Taa, samaki bapa, akapita karibu na mguu wa Subira, mpana kama jamvi, mkia wake ukigusa na kuachia. Mashimo yote waliyoyachokoa asubuhi na kuyaacha matupu sasa yalikuwa na macho. Raya akamshika Subira mkono, akakumbuka kiapo chake, akaona aibu hata ya kumshika.

Kisha kitu kikamvuta Raya kiunoni. Alitazama chini akaona mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mnene kama paja, mdomo umeuma kamba ya pweza, anarudi nyuma nao.

"Fungua kamba," Bi Mosi akasema.

Raya akasita. Mtu anaweza kudhani kwamba saa ile asingesita, lakini alisita. Bado aliwaonea uchungu wale pweza.

"Raya. Fungua."

Akaifungua. Kamba ikaenda na pweza wake wote, yule mkubwa akiwa wa mwisho, na wakaona vivuli vingine vikitoka chini na kuanza kuigombania.

Jabali lilikuwa na nafasi ya watu wawili juu. Bi Mosi akamsukuma Subira juu, naye Subira akapanda. Raya akamwambia Bi Mosi apande yeye, na Bi Mosi akamwuliza ni nani basi atakayemshika mtoto maji yakifika juu, yeye na mikono yake hii? Raya akapanda. Matumbawe yalimkata magoti na damu ikaingia majini. Bi Mosi akaichomeka fimbo yake kwenye ufa wa jabali, akaishika kwa mikono miwili, akasimama.

Alikuwa anazungumza na Subira. Yeye asiyependa maneno mengi sasa alizungumza bila kupumzika. Alimwambia asitazame maji, atazame ngalawa. Alimwambia ile ya mbele ni ya fulani, naye ni mvivu lakini leo ana mbio. Alimwambia sasa wanaisukuma, sasa imelowa, sasa inaelea, waone. Subira akatazama ngalawa kama alivyoambiwa. Raya naye akatazama ngalawa. Maji yaliwafika viunoni huku juu, na mkondo ulikuwa unakimbia kuelekea kwenye mikoko kwa sauti kama ya nguo inayopasuliwa.

Baadaye hawakuweza kusema ni lini sauti ya Bi Mosi ilikoma. Subira ndiye aliyeuliza, polepole, mbona Bi amenyamaza. Raya akatazama chini. Fimbo ilikuwa bado kwenye ufa, na kitambaa chake chekundu kimelala upande mmoja. Ilikuwa inatikisika peke yake.

Ngalawa iliwafika, ikawachukua wawili. Bi Mosi alipatikana kesho yake kwenye mizizi ya mikoko.

Matangani wanawake walimzunguka Raya. Wengine walikuwa na uchungu, wengine na hasira. Walimwuliza kama hakulisikia debe. Walimwuliza alikuwa anatazama nini. Yule Raya wa maneno mengi aliweza kusema moja tu, akalirudia kila alipoulizwa, kwamba mwamba ulikuwa mkavu. Mwamba ulikuwa mkavu. Mpaka Subira, aliyekuwa ameketi pembeni ya mama yake, akainua uso.

"Mwamba mkavu si njia kavu, wifi," akasema, akainamisha tena.

Hapo Bibi Mkasi akauchukua ukili wake. Mmoja wetu akamwuliza Raya aliishia wapi.

Bibi akasema Raya hakukanyaga mwamba tena. Bamvua iliyofuata, wanawake waliposhuka pwani, walimkuta ameketi kando ya mkondo, debe liko mapajani. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemwondoa. Alikaa hapo mpaka akawa kizee. Alikuwa analipiga mapema mno, maji hata hayajakaribia kitambaa, na wachokoaji walimnung'unikia kwamba wamerudi na vikapu vitupu, na kule juu kulikuwa bado kukavu kabisa. Hakubishana nao. Aliwahesabu wanavyovuka, akimgusa kila mmoja begani, na kwa yule aliyenung'unika zaidi alisema neno lile la Subira, akalisema polepole kama mtu anayelipa deni:

"Mwamba mkavu si njia kavu."