Magoti ya Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmesinzia? Paukwa!

Pakawa!

Paliungua!

Pakaota!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, katika bonde la Mwangeni, aliishi Bi Ngiri na watoto wake. Alikuwa na maringo huyo! Akikimbia, mkia juu, wima, kama antena ya redio. Watoto nyuma, mikia juu vilevile. Lakini akila, alipiga magoti. Shingo fupi, majani yako chini, afanyeje? Anapiga magoti, anatafuna, anasogea kwa magoti, anatafuna. Wanyama wakamcheka.

"Bi Ngiri, unamwomba nani msamaha?"

"Nawaombea nyinyi akili," anawajibu, anaendelea kula.

Bonde hilo lilikuwa na desturi. Kila mwaka, mbayuwayu wakiondoka, wanyama wote walishuka mpakani mwa bonde wakala majani ya pale mpaka udongo ukaonekana. Pale mahali wakapaita njia ya moto. Moto ukija kutoka nyikani, unafika pale, unakosa chakula, unakufa. Mwenye kutoa amri alikuwa Mzee Pofu, mkubwa kuliko wote wa jamii ya swala, mrefu wa pembe, mpana wa kifua. Asiposema twende, haendi mtu.

Mwaka ule jua liliwaka mapema. Mvua ilikuja, ikapiga chafya, ikaondoka. Bi Ngiri akikanyaga majani, kacha! kacha!

Akaenda kwa Mzee Pofu. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Majani yanalia kacha. Twende tukale njia ya moto."

Mzee Pofu akatazama juu. "Mbayuwayu si hao wanazunguka? Babu yangu aliwasubiri waondoke. Baba yangu aliwasubiri."

"Jua la babu yako silo hili, Mzee."

"Hebu kapige magoti yako huko!"

Wanyama wakaangua kicheko. Basi wakasubiri. Moto haukusubiri.

Vuuu! Ukavuka mpaka. Ukala majani, ukala vichaka, ukala viota. Bi Ngiri akawasukuma watoto shimoni, akaingia mwenyewe kinyumenyume. Sungura akapita anatweta. "Ingia!" Kanga akaja na vifaranga. "Ingieni!" Shimo likajaa mpaka mlangoni.

Moto ulipopita, Mwangeni ilikuwa nyeusi. Swala alimwita mtoto wake. Akaita, akaita. Hakuitikiwa. Hapo nasema upesi, maana panauma.

Mzee Pofu, masikio yamelala, akasema, "Tuhame."

"Tuhamie wapi?" akauliza Bi Ngiri. "Tai huyo anaruka juu kuliko sote. Mwulizeni."

Tai akasema, "Nimezunguka kote. Jua limebadilika kila mahali. Huko mnakokwenda nako kunaungua."

Bi Ngiri akainua mkia, japo pua yake ilikuwa imebabuka. "Mimi nimezaliwa Mwangeni. Sihami." Akapiga magoti kwenye majivu, akachimba. Chu! chu! chu! Kishimo. Akasogea kwa magoti. Chu! chu! chu! Kishimo kingine.

"Mama, unachimba nini?" wakauliza watoto.

"Nachimba vikombe. Mvua ya siku hizi inakuja mbiombio, inaondoka mbiombio. Ikija, haipiti hivihivi!"

Sungura akaja, akachimba. Kanga akaja, akachakura. Swala akaja na machozi yake, akaparapara kwa kwato. Tembo akaleta mavi yaliyojaa mbegu za mbali, akayaangusha kwenye vishimo. Pu! Pu! Chekeni, lakini msitu wa Mwangeni ulianzia humo.

Mzee Pofu alikuja mwisho. Akasema, "Mwanangu, nilikosea. Nionyeshe."

Bi Ngiri hakumcheka, ingawa ulimi ulimwasha. "Piga magoti, Mzee."

Sasa, magoti ya pofu hulia akitembea. Siku ile yalilia kuliko siku zote. Ka! Ka! Mzee akashuka chini, akachimba kwa pembe zake.

Mvua ikaja mbiombio. Vikombe vikaikamata. Majani yakachomoza, miche ikachomoza, Mwangeni ikawa kijani. Wanyama wakaweka desturi mpya: hatutazami mbayuwayu, tunakanyaga majani. Yakilia kacha, tunakwenda.

Mwaka uliofuata yalilia mapema, mbayuwayu wangali wanazunguka.

"Twendeni!" akanguruma Mzee Pofu. Wakashuka wote, wakala wote, na walioweza kupiga magoti wakapiga magoti.

Moto ukaja. Vuuu! Ukafika mpakani. Ukanusa kulia, udongo. Ukanusa kushoto, udongo. Ukainama, ukainama, tsss! Ukafa. Nyuma ya ule udongo alisimama Swala, na kitoto kipya kikinyonya.

Mzee Pofu akapaza sauti, "Tazameni! Leo moto umempigia Bi Ngiri magoti!"

"Si mimi peke yangu," akasema Bi Ngiri. "Umeipigia Mwangeni!" Akatimua mbio, mkia juu, wima. Watoto nyuma, mikia juu. Sungura naye, kimkia juu. Kanga, Swala, Tembo. Na Mzee Pofu nyuma yao wote, magoti yanalia ka! ka! na mkia wake mzito umesimama.

Funzo ni hili: majira yakibadilika, tubadilishe desturi zetu kabla hatujaungua. Na kwetu pakiungua, tusipakimbie. Tuiname wote tupaoteshe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkia juu. Paliungua!

Pakaota!