Kikaza cha Mwandoe

Mkanda mpya hautulii penye kikaza kibovu. Leo mmemsikia shangazi yenu akimrushia maneno hayo kijana aliyemfokea mchumba wake kisha akamletea saa ya mkono, nanyi mkacheka bila kujua mnachochekea. Ketini basi. Maneno hayo hayakuanzia kwa mchumba wala kwa saa. Yalianzia kwenye gari bovu, hapa hapa milimani kwetu Taita.

Palikuwa na mtu akiitwa Mwandoe, mwenye pikapu ya kubebea kabichi. Mkewe, Wakesho, alikuwa amerudi kwao ng'ambo ya mlima kwa kuchoshwa na ulimi wa mumewe. Mwandoe hakuwa mlevi wala hakuinua mkono, lakini mke akifungua kinywa mbele ya wageni, humkatiza: "Nyamaza, hujui kitu." Miaka nenda miaka rudi, hadi mtoto wa watu akafunga virago.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mwandoe alisonga ugali wa watu wawili, akala nusu, nusu akaitazama. Kitandani alilala upande wake ule ule, asithubutu kuugusa wa mwenzake. Alimtamani Wakesho, hata kikohozi chake alikitamani. Akatuma leso nzuri kwa wakwe. Ikapokelewa kwa shukrani, mke hakuja. Akatuma ya pili. Kimya.

Ndipo akaamua kumfuata mwenyewe. Pikapu nayo ilikuwa ikipiga kelele kila ikiwashwa, maana mkanda wa injini ulikuwa umechakaa na kupasukapasuka. Akanunua mpya, akaufunga mwenyewe uani. Sasa, kuna kipuri kiitwacho kikaza, chenye springi na kigurudumu, kazi yake kuuvuta mkanda usilegee. Mwandoe alikisukuma kwa spana, akapitisha mkanda, akakiachia. Kelele zikaisha. Akaoga, akavaa shati la harusi, akaondoka. Juu kileleni mkanda ukalia, ukachomoka, injini ikachemka. Akarudi kwa miguu, na paa la wakwe alikuwa ameshaliona kwa mbali.

"Mkanda feki huu," akasema, akanunua mwingine. Nao ukamchomokea pale pale.

Alipotaka kufunga wa tatu, akakizungusha kile kigurudumu kwa kidole. Kikayumba, kikakwaruza kama meno yaliyouma mchanga. Springi nayo ilikuwa imechoka. Mara mbili alikuwa amekishika kikaza na kukiacha, kwa kuwa uliokuwa ukilia ni mkanda. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akazikumbuka zile leso mbili. Machozi yakamtoka, wala hapakuwa na wa kumwonea haya.

Akabadilisha vyote viwili, mkanda na kikaza. Pikapu ikaupanda mlima bila kulia.

"Leo hukuleta leso?" baba mkwe akauliza.

"Leo nimejileta mwenyewe, baba."

Wakesho akatoka, akaketi mbali, akasema mbele ya nyumba nzima: "Leso zake zimo sandukuni, sijazikunjua. Sikuondoka kwa kukosa nguo. Tangu anioe, huyu hajaniacha nikamaliza neno mbele ya mgeni."

Jibu likamjia Mwandoe hadi kwenye meno. Akalimeza. Wakesho akangoja akatizwe, hakukatizwa, basi akayamwaga yote, na yalikuwa mengi.

"Na gari lako mbona leo halipigi kelele?" akauliza mwishowe.

"Nilikuwa nikibadilisha mikanda, kumbe kibovu ni kikaza."

"Kikaza kipi?"

"Vyote viwili," Mwandoe akasema. "Cha gari, na hiki." Akagusa mdomo wake.

"Cha gari nimekisikia," Wakesho akajibu. "Hicho kingine nitakisikiliza kwanza."

Mwandoe akarudi peke yake. Gari lilikuwa kimya mno, na kiti cha pembeni kilimuuma kukitazama. Jumapili iliyofuata akaja, akaketi, akasikiliza. Na nyingine, na nyingine. Kabichi zikavunwa, zikapandwa tena.

Jumapili moja Wakesho akatoka amejifunga leso ya kwanza, ikiwa bado na mikunjo ya sanduku. Akafungua mlango wa pikapu mwenyewe, akaketi.

"Mwanangu," baba yake akamwita, "leso ile uliikataa kutwa kucha. Leo imekuwaje?"

"Baba, mkanda mpya hautulii penye kikaza kibovu."

Mwandoe, mikono kwenye usukani, alikuwa na la kuongeza. Akangoja kwanza mkewe amalize.