Waende, Wasiende

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kichuguu, na nguchiro wamejaa tele!

Hapo kale, na kale ile ilikuwa tamu, jamani, nguchiro waliishi kwenye kichuguu kimoja. Wakiota jua, pamoja. Wakila panzi, pamoja. Kwa kuwa ni wadogo, walipatana na Tembo: "Ukituita, tunakuja. Tukikuita, unakuja." Nani angewagusa?

Kisha wakagawanyika. Wa mlango wa juu wakawa na chama chao, wa mlango wa chini chao. Kiti cha chifu wao, Mzee Kigego, kilishikiliwa na vyama vyote viwili. Kimoja kikiachia tu, puu! Mzee yuko chini.

Siku moja Tembo akaita, "Fisi wameteka kisima ng'ambo ya mto! Njooni!"

Wa juu wakasema, "Waende!" Wa chini wakasema, "Wasiende!"

Kigego akajikuna kichwa. "Waende," akasema, "lakini wasivuke mto."

Jemadari wao, Sikitu, akaondoka na askari, mdogo wake Chanda akiwemo. Wakasimama ukingo wa huku, wakapiga kelele. Fisi walicheka hadi wakalala chali.

Tembo akaita tena. Waende! Wasiende!

"Wavuke," akasema Kigego, "lakini wasiume."

Wakavuka. Fisi wakawang'ata mikia, nao wamefumba midomo. Chanda akauliza, "Dada, tumekuja kufanya nini huku?" Moyo ulimuuma Sikitu.

Tembo akaita mara ya tatu. Waende! Wasiende!

"Waume," akasema Kigego, "lakini jua likizama warudi."

Ee, siku hiyo waliuma! Fisi wakaanza kutimka. Mara jua likazama. Sikitu akatazama kisima, akatazama jua, akatii amri. Fisi walipoona migongo, wakageuka. Chanda alikuwa wa nyuma kabisa. Hakurudi.

Kichuguuni wa juu wakalia, "Mngekaa kidogo tu!" Wa chini wakalia, "Si tulisema wasiende?"

"Nyamazeni!" akasema Sikitu, machozi yakimtoka. "Enzi za bibi yangu mlibishana mpaka mkachoka, kisha mkasema 'twende', au mkasema 'hatuendi'. Aliyesema twende alitangulia yeye. Mimi nimesikia waende, nimesikia wasiende. Nani hapa alisema twende?"

Mshika mbili, Mzee wetu Kigego, akashuka kitini mwenyewe, akaketi mavumbini na wafiwa. Wa juu na wa chini wakaketi naye.

Ndiyo maana hata leo nguchiro hutembea kundi zima. Wakienda, wameenda wote. Wakikataa, wamekataa wote. Na ukiwaona wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanachungulia nyasi, usiwacheke. Wanamtazamia Chanda.

Funzo, wanangu: usiseme "waende" kama huwezi kusema "twende". Na ndiyo ya nusu huua kuliko hapana.

Ngano yangu imefika kwao. Ikikukuna, nenda nayo. Ikikuchoma, niachie mwenyewe.