Mjane Aliyedai Habari ya Mali Yake

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Lubaba bint Ghassan. Alikuwa mjane, kazi yake kusokota sufi, na umri ulikuwa umemtupa mkono. Haja yake duniani ilibaki moja, kuiona Al-Kaaba kabla hajafumba macho. Akiba yake yote aliitia kwa mfanyabiashara Zuheri bin Waki, pamoja na washirika wengine wadogo wa mtaa wake, wafua shaba, wasuka mikeka na wajane wenzake.

Mapatano yao yalikuwa ya mudharaba, kama desturi ya wafanyabiashara wa zama zile. Wao watoe mtaji, yeye atoe jasho. Faida wagawane, na hasara ikitokea pasipo uzembe wake, mtaji umewapotea wao na jasho limempotea yeye. Wakapeana mikono, wakamshuhudisha Mola wao.

Mwanzoni Zuheri alikuwa akisimama nao uani mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akiwaeleza bidhaa zimefika wapi na zimeuzwaje. Kisha ukaja mwaka alionyamaza. Aliyekwenda kuuliza alimkuta bawabu mlangoni, na jibu lilikuwa lile lile: "Biashara ina heri. Bwana anawausia subira." Wenye mtaji mkubwa walikaribishwa sebuleni wakanyweshwa sharubati; wadogo waliishia kizingitini. Mimi nikifika hapa huingiwa na hasira, kwa kuwa subira ni ibada tukufu, na mtu huyu aliigeuza pazia la mlango wake.

Washirika wadogo wakakusanyika kwa Lubaba. Naufali, mfua shaba, alikuwa amefura kwa ghadhabu.

"Mali yetu imeliwa," akasema. "Twende sokoni tukamtangaze kuwa ni mwizi."

"Umemwona akiiba?" akauliza Lubaba.

"Sikumwona, mama. Lakini mtu msafi hajifichi."

"Basi tusiseme tusilolijua. Tutauliza mpaka tujue."

Kesho yake, baada ya Alasiri, Lubaba alichukua sufi yake na kijiti chake cha kusokotea, akaketi kando ya mlango wa Zuheri. Bawabu akamwambia kwamba bwana hana nafasi.

"Sina haraka, mwanangu," akajibu. "Nitasokota hapa mpaka aipate."

Siku ya pili akarudi, na siku zilizofuata pia. Mvua ikinyesha husogea chini ya upenu, ikikatika hurudi mahali pake. Wapita njia walimcheka, wengine wakamrushia sarafu wakidhani anaomba, naye akazirudisha. Jambo hilo lilimuuma, na kuna jioni alirudi nyumbani akilia. Alasiri iliyofuata alikuwa pale pale. Zuheri naye, Mungu amsamehe, akaanza kupitia mlango wa nyuma kwenda kuswali.

Wakati huo watu wa Wasit walikuwa wakijiandaa kwa msafara wa Hija. Aliyejua hali ya mali yake alijua kama akodi ngamia au akae. Lubaba hakujua.

Hatimaye bawabu akamtokea na mfuko mkononi. "Hii ni faida yako, mama. Bwana anasema ukajiandae na Hija."

Lubaba akaupima mfuko kwa kiganja, akaona unatosha kumfikisha Makka na kumrudisha.

"Imetokana na bidhaa gani?" akauliza. "Ziliuzwa mji gani?"

Bawabu akageuka kuutazama mlango.

"Mrudishie, umwambie hivi. Kama ni faida, ina mahali ilipotoka, na wenzangu nao wana fungu lao. Kama ni sadaka, wako mafukara wanaonizidi. Siwezi kusimama Arafa kwa mali nisiyoijua asili yake. Sikuja kudai faida. Nimekuja kudai habari."

Zuheri alikuwa nyuma ya mlango, akayasikia yote. Akatoka mwenyewe, kichwa wazi bila kilemba, akaketi kizingitini.

"Mama Lubaba, msafara wetu wa kitani ulivamiwa na wanyang'anyi katika njia ya Sham. Zaidi ya nusu ya mtaji imepotea. Nilidhani safari nyingine itaziba pengo kabla hamjajua. Na hizi dinari ni za mjane aliyeniletea mtaji wake juzi."

Lubaba akainama, machozi yakaidondokea sufi yake. Hija ya mwaka ule ilikuwa imekwisha hapo hapo.

"Hasara ilikuwa yetu, Zuheri," akasema. "Ndivyo tulivyopatana. Ungetuambia siku ile ile, tungelia, tukamrejea Mungu wetu, nawe ungebaki mwaminifu. Umeificha, ukaifanya dhambi yako."

"Niliona aibu, mama."

"Na mimi nimekaa njiani nikichekwa kwa ajili ya aibu yako."

Zuheri akauliza afanye nini.

"Mrudishie mjane yule mali yake leo. Na Ijumaa utuambie sote, wakubwa kwa wadogo, mahali pamoja na kwa maneno haya haya."

Akafanya hivyo. Naufali alimkaripia mbele ya watu, na wengi walichukua kilichosalia wakaondoka. Zuheri akasimama akayapokea yote. Tangu hapo hakuikosa Ijumaa hata moja, na ile asiyokuwa na jambo alisimama vilevile akasema, "Leo sina habari."

Lubaba alipopewa kilichosalia cha mtaji wake, alikirudisha mikononi mwa Zuheri.

"Unamwachia tena aliyekupotezea?" akashangaa Naufali.

"Mali yangu ilipotea siku aliponyamaza," akasema Lubaba. "Leo nimeipata, ingawa imepungua."

Enyi mnaoshika amana za watu, anayewauliza si adui yenu. Mjibuni, hata kama jibu ni chungu. Nanyi mnaouliza, msichoke na msizue. Kama Lubaba alijaliwa kuhiji baadaye, waliotupokezea kisa hiki hawakutuambia, nami sitawaongezea nisilolijua.